Huduma ya makazi baada ya mafuriko Kilwa: nyota 2 kati ya 5

Jamani nitoe maoni yangu kuhusu huduma ya shirika moja (jina naliacha) lililotuhudumia baada ya mafuriko ya Januari 2020 huku Kilwa. Maturubai, unga, dawa ya maji vilifika, hapo asanteni sana. Ila kwenye viwanja vipya vya kutuhamishia kule juu, mbali na bonde, ndo wakachemka kabisa, ramani ilikuja ishachorwa, kikao tukaitwa kusaini mahudhurio tu basi, bibi mmoja akauliza jamani kule juu maji tunachota wapi na shamba langu la ufuta nitalifikiaje, yule mwenye ramani akakunja karatasi akasema hilo litajadiliwa baadae. Halikujadiliwa! Watu wakabeba mabati yao wakarudi bondeni, maana mpunga na ufuta viko kule, hakuna anaekula kiwanja.

Na sio hisani tunaomba, miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998, kanuni ya 28, inataka waliohama makwao washirikishwe kikamilifu kupanga kurudi au kuhamia kwingine. Nyota zote 2 ni za msaada wa mwanzo. Mkija tena anzeni na wale kina mama wanaochota maji, kabla ramani haijachorwa.