Kibanda cha muvi Ngamiani: nenda siku ya sinema bubu

Wanaoniuliza kama kile kibanda cha muvi cha kule Ngamiani, Tanga, kina thamani ya hiyo 500 yake ya kiingilio: kinayo, ila ulizia kwanza wanaonyesha nini.

Mimi ni baharia mstaafu, nimeacha kazi nikiwa sarahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha. Nilimbembeleza mwenye kibanda atafute sinema za mwigizaji Sessue Hayakawa, kijana wa Chiba, Japani, aliyezaliwa 1886 na kuandaliwa awe afisa wa jeshi la majini. Mwenyewe alisimulia kwamba alipiga mbizi kwa kubishana na wenzake, ngoma ya sikio ikapasuka, jeshi likamkataa. Aliyewahi kusubiri cheti cha daktari ndipo apande meli anaujua uchungu huo. Akavuka bahari hadi Marekani, akaishia mbele ya kamera.

Tulianza na The Cheat ya 1915, bubu, kama saa moja hivi. Hapo mtafsiri, yule kijana wa kibandani anayesimulia muvi kwa Kiswahili, alinikosha kweli. Sinema haina sauti, kwa hiyo hagombani na mtu. Kuna pale Hayakawa anamkamata mke wa mtu na kumpiga chapa ya moto begani kama ng'ombe. Wenzake wanarusha mikono na kutoa macho. Yeye uso mkavu, nyusi tu zinacheza. Na mtafsiri akajua kunyamaza! Wajapani nao enzi hizo walikuwa na watu wa kazi hiyo, benshi, wanasimama kando ya pazia wanasimulia, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Kwa hiyo anayewacheka vijana wetu hawa hajui anachocheka.

Kasoro moja: mtafsiri alimwita mhusika wa Hayakawa Mchina mwanzo mwisho. Maandishi ya kopi ile yanasema Mburma, maana Wajapani wa Marekani walilalamika, na sinema iliporudishwa 1918 mhusika, ambaye mwanzo alikuwa Mjapani, akabadilishwa taifa. Kijana angesoma tu, yameandikwa pale pale.

Ya pili, The Bridge on the River Kwai ya 1957, sitaki hata kuikumbuka. Hayakawa mzee wa miaka sabini, ndiye Kanali Saito, kazi iliyomfikisha kwenye kugombea Oscar. Anabishana na kanali wa Kiingereza kama maofisa mateka wafanye kazi za mikono, na kijana anamfunika sauti kwa utani wa Simba na Yanga. Saa mbili na dakika arobaini, benchi la mbao, spika inakoroma. Bwana mdogo, muvi yenye maneno yake yape nafasi, wewe ingia wakipumua.

Nimeshaagiza The Dragon Painter ya 1919, aliyoitengeneza kwa kampuni yake mwenyewe na kucheza na mkewe, Tsuru Aoki. Nayo bubu. Ikifika wahini mabenchi ya mbele; ya nyuma kuna nguzo inaziba nusu ya pazia. Na njooni na chenji, mlangoni hawana.