kLa ya tangi la maji ya bahari: fomula au kipimo?

Tuseme umeteka maji ya bahari hapa Mombasa, ujaze tangi la kukoroga la kukuzia vijidudu. kLa itakuambia hewa inaingiza oksijeni majini kwa wepesi gani.

Tangi likiwa bado kwenye karatasi, tumia fomula za kukadiria kLa alizochapisha mtafiti van 't Riet mwaka 1979. Unahitaji nguvu ya kukoroga kwa kila mita ya ujazo, na kasi ya hewa. Makosa hufika asilimia 20 hadi 40. Tafadhali sana, usichukue ile ya maji safi! Chumvi huzuia viputo kuungana, vikabaki vidogo na eneo la mgusano likaongezeka. Maji yenye ayoni (chembe zenye chaji, kama za chumvi) yana fomula yake.

Tangi likishasimama, mimi napima, sibahatishi. Kabla ya kupanda vijidudu, fukuza oksijeni kwa naitrojeni, fungulia hewa, rekodi usomaji wa kihisio. Chora logi asilia ya upungufu (oksijeni ya maji yaliyoshiba, ukitoa usomaji wa wakati huo) dhidi ya muda: mteremko, bila alama ya hasi, ndio kLa. Kihisio kinachochelewa kuitikia hudanganya, hasa kLa ikiwa kubwa. Joto nalo huongeza kLa: kipimo cha nyuzi 28 kigawe kwa 1.21 ndipo ukilinganishe na cha nyuzi 20.