Uzoefu wangu: kutolewa jicho na kuvaa la bandia

Nianze na hukumu, kwa wasiopenda kusoma marefu. Upasuaji naupa alama zote. Kipandikizi sina ugomvi nacho. Jicho la bandia la kwanza nililivaa shingo upande, la pili ni zuri mno. Kilichonikera ni maelezo ya kabla ya upasuaji, yalikuwa nusunusu.

Jicho langu la kushoto liliuawa na glaukoma, ile wengi tunaiita presha ya macho. Lilishaacha kuona zamani, kazi yake ikabaki kuuma tu: kichwa upande mmoja, machozi, usingizi wa mang'amung'amu. Matone yalishindwa, vidonge vikanichosha. Kwa hiyo watu wanaponipa pole ya kupoteza jicho hunichekesha kidogo. Jicho lilishakwenda, mimi nilikwenda kutolewa maumivu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutoa jicho lote: misuli sita inayolizungusha inatenganishwa nalo, neva ya kuonea inakatwa nyuma, jicho linatoka. Ya pili ni kutoa vilivyomo ndani na kuacha ganda jeupe la nje, misuli ikiwa bado imeshika mahali pake. Hii ya pili ni nyepesi zaidi kwa mwili, ila haifai pale panaposhukiwa saratani, kwa sababu seli zinaweza kusambaa. Konea yangu, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ilikuwa na ukungu na hakuna aliyeweza kuchungulia ndani, kwa hiyo walinipima kwanza kwa ultrasaundi kuhakikisha hakuna uvimbe uliojificha. Hakukuwa na kitu. Hata hivyo nilichagua kutolewa lote. Kuna tatizo moja, nadra sana, ambapo kinga ya mwili ikishachokozwa na tishu za jicho lililoumia hugeuka kushambulia lile zima. Ukishabakiwa na moja hutaki kubahatisha.

Sasa kuhusu vifaa, maana hapa watu huchanganya. Kipandikizi ni kijimpira cha mviringo, kwa watu wazima mara nyingi chenye kipenyo cha milimita 18 hadi 22, kinachozikwa ndani ya tundu la jicho kujaza nafasi iliyoachwa. Misuli hushonwa kwacho, utando hufungwa juu yake, na hutakiona tena. Jicho la bandia ni kigamba kinachovaliwa mbele, chini ya kope. Wengi hudhani ni gololi, kumbe umbo lake ni kama kipande cha ganda la yai kilichopakwa rangi.

Vipandikizi vipo vyenye vitundu vidogovidogo ambamo mishipa ya damu huota, vya polietilini (aina ya plastiki) au vya haidroksiapataiti iliyotokana na matumbawe ya baharini. Vipo pia visivyo na vitundu, vya akriliki au silikoni. Changu ni cha polietilini. Nilisifiwa sana hivyo vitundu, kwamba jicho litacheza kama la kuzaliwa nalo. Halichezi hivyo. Nikizungumza na mtu uso kwa uso linafuata vizuri, lakini nikitupa jicho pembeni kabisa linabaki nyuma, ndiyo maana siku hizi nageuza shingo. Iliwahi kupendwa sana njia ya kutoboa kipandikizi na kuchomeka kipini kinachoshikana na kigamba ili mwendo uongezeke. Kipini kilileta maambukizi na nyama kuota, madaktari wengi wakakiacha. Niliulizwa, nikakataa.

Siku yenyewe walinipiga nusu kaputi, nikaamka na bandeji ya kubana na kichefuchefu kibaya kuliko kidonda. Usiku wa kwanza uliuma, sikatai, lakini yalikuwa maumivu ya kidonda, yanayopungua kila asubuhi.

Bandeji ilipotoka, nilikuta kwenye kioo kigamba cha plastiki kisicho na rangi nyuma ya kope, na utando mwekundu nyuma yake. Nilishtuka. Kigamba hicho huwekwa kushikilia nafasi isijikunje mpaka uvimbe ushuke, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, na ni jambo la kueleza kwa dakika moja. Sikuelezwa. Wala sikuelezwa habari ya miali: ukikaa gizani, upande ule ule usio na jicho, unaona cheche na maumbo yanayopita. Ubongo haujakubali kwamba habari hazitakuja tena. Si wazimu, na kwangu zimekwisha taratibu.

Jicho la kwanza la bandia lilikuwa la kuchagua kwenye sanduku la yaliyotengenezwa tayari. Rangi ilikaribia, umbo halikunikubali hata kidogo. Tongotongo kila saa, kope la juu limezama. Kama unaweza kuepuka haya ya tayari, yaepuke. La pili lilitengenezwa kwa kipimo changu: fundi alimimina uji mzito ndani ya tundu kuchukua umbo, akachonga nta, akaijaribu na kuikwangua mpaka kope zikalingana, kisha akachora mboni kwa brashi akinitazama kwenye mwanga wa mchana. Mishipa myekundu ni nyuzi halisi za hariri. Kigamba chenyewe ni cha akriliki, plastiki ya jamii ile ya meno ya bandia: Vita vya Pili vya Dunia vilipokatisha macho ya kioo kutoka Ujerumani, mafundi wa meno wa jeshi la Marekani ndio walioigeuzia kwenye macho. Kasoro yake moja haina dawa. Mboni iliyochorwa haipanuki, kwa hiyo kwenye mwanga hafifu mtu makini anaona tofauti.

Matunzo hayana mambo mengi. Usilitoe kila siku, kulichokonoa ndiko kunakoleta uchafu. Ukipangusa, funga kope na upanguse kuelekea puani, ukielekea nje litachomoka. Fundi hulisugua mara moja kwa mwaka, na kubadilisha ni kila baada ya miaka 5 hivi. Nyongeza isiyo na mjadala: miwani ya polikaboneti, plastiki isiyovunjika kirahisi, hata kama unaona vizuri, kwa ajili ya kulilinda lililobaki. Kumimina maji kwenye kikombe na kushuka ngazi kulinisumbua mwanzoni, sasa nagusa ukingo kwanza, basi.

Wazazi wa watoto wenye saratani ya jicho, msinifuate mimi kwa kila kitu. Tundu la mtoto bado linakua, vigamba hubadilishwa mara nyingi zaidi, na suala la kuchagua njia ya upasuaji kama nilivyochagua mimi kwenu halipo.