Njiwa anayetaka usukani: uzoefu wangu na vitabu vya watoto vya Kihispania

Mimi ni muongoza watalii, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nilianza kujifunza Kihispania kwa sababu ya wageni wa Uhispania na Meksiko wanaopitia kwetu wakielekea Zanzibar; kila mara nilikuwa naishia kwenye "hola" na "gracias". Nilinunua kitabu cha sarufi, nikakiacha sura ya nne. Kilichonivusha ni vitabu viwili vya picha vya kuchekesha, vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Nimevisoma na binti yangu wa miaka 6 kwa miezi mitano sasa, karibu kila jioni.

Cha kwanza ni "¡No dejes que la Paloma conduzca el autobús!" cha Mmarekani Mo Willems, ambacho kwa Kiingereza kilitoka mwaka 2003. Dereva wa basi anashuka kidogo, anamwomba msomaji amwangalizie gari kwa sharti moja: njiwa asipewe usukani. Basi njiwa anaanza kubembeleza. Ana binamu ambaye huendesha basi karibu kila siku. Anajaribu kuhonga. Ananuna. Mwisho hasira zinampanda mpaka herufi zinajaa ukurasa. Sikuhitaji kumfafanulia mtoto chochote, amepanda daladala tangu akiwa mgongoni. Tulipofika ukurasa wa tatu au wa nne akasema, "Mama, huyu si anataka deiwaka!" Tangu siku hiyo njiwa kwetu anaitwa Deiwaka, kama wale wanaoshikia wenzao daladala kwa muda, na kila akiomba usukani mtoto anapiga kelele "¡No!" hadi bibi yake anatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jina lenyewe la kitabu limenifundisha kuliko zile sura nne. "No dejes" ni "usiache", "conduzca" ni "aendeshe". Kitabu cha sarufi kilieleza hali hiyo ya kitenzi kwa kurasa nyingi na sikuambulia kitu. Kumbe ninayo mdomoni tangu utotoni! Sisi tunasema njiwa anaendesha, lakini usiache njiwa aendeshe; ile a ya mwisho inageuka e. Kihispania nacho kinageuza irabu hapo hapo mwishoni: deja inakuwa dejes, conduce inakuwa conduzca. Nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu.

Kusoma kwa sauti nako ni rahisi kwetu, maana irabu ni zile zile tano. J inasomwa kama kh ya Khamisi, h haitamkwi, na ñ ni ny ya nyanya. Alama za mshangao na za kuuliza zinazowekwa kichwa chini mwanzoni mwa sentensi ni msaada mkubwa kwa anayemsomea mtoto: kabla hujafungua mdomo unajua kwamba hapa njiwa anapayuka, kwa hiyo unavuta pumzi kabisa.

Angalizo moja: "conducir" ni kuendesha kwa watu wa Uhispania. Wageni wangu wa Meksiko walinielekeza niseme "manejar", na basi la mjini wao huliita "camión", neno ambalo Uhispania ni lori.

Cha pili ni "El grúfalo" cha Julia Donaldson wa Uingereza, picha za Axel Scheffler, cha mwaka 1999 kwa Kiingereza. Panya anapita msituni, kila anayetaka kumla anamtishia dude alilolibuni mwenyewe, halafu dude linatokea kweli. Binti yangu alimtambua mara moja: ni sungura wa hadithi za bibi, ila amevaa mkia mrefu. Hadithi ni tamu, ila kwa kujifunzia nakiweka nyuma ya njiwa. Kwa Kiingereza ni mashairi, na jina la lile dude lilitungwa ili lipatane kwa vina na "know". Kwa Kihispania mkazo uko mwanzo, GRÚ, ndiyo maana ya kile kialama juu ya u. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nilisoma gru-FA-lo wiki nzima mpaka mgeni kutoka Madrid aliponisahihisha. Utani wa njiwa uko kwenye ubembelezi wake, na ubembelezi unahama na lugha bila shida. Utani wa vina ukihamishwa, kuna kitu kinabaki njiani.

Shida kubwa ni kuvipata. Maduka niliyozunguka Posta na Kariakoo hayakuwa navyo, nikaagiza mitumba mtandaoni. Cha njiwa kilifika kona imelowa, kurasa mbili zimegandana, tena zile za hasira zenyewe, na muuzaji hajajibu ujumbe wangu mpaka leo. Nilizitenganisha kwa mvuke wa birika, taratibu, rangi ikabanduka kidogo. Ukiagiza, omba picha za kurasa za ndani, usiridhike na jalada, na chukua jalada gumu kama mtoto wako naye anataka kufunua mwenyewe.