Mgao wa Nafaka wa Roma: Mlangoni Shwari, Baharini Roho Mkononi

Huduma tunayoipima hapa ni frumentatio, ngano ambayo serikali ya Roma iliwagawia raia wake kila mwezi, hasa jinsi ilivyoendeshwa tangu enzi ya mtawala Augustus mpaka ya mtawala Trajan. Wengi wanaijua kwa kejeli moja tu ya mshairi Juvenal, ile ya mkate na michezo, kana kwamba Mrumi alikaa kivulini akisubiri kutiwa tonge mdomoni. Kwanza, mkate wenyewe haukuwapo. Ulipewa ngano, ukaibeba mwenyewe, ukaisaga na kuioka kwa gharama yako. Pili, haikuwa sadaka ya maskini. Ilikuwa haki ya uraia, na ukilishika hilo utaelewa uzuri wa huduma hii na karibu kasoro zake zote.

Masharti ya kujiunga hayakuwa mengi, ila yalikuwa makali. Uwe mwanamume, uwe raia, uwe mkazi wa mji wa Roma wenyewe, na jina lako liwemo daftarini. Mwanamke hakupata kwa jina lake, awe mjane au mama wa watoto sita. Mgeni na mtumwa ndio kabisa. Raia aliyelima kijiji cha jirani naye alitazama tu. Hakuna aliyeuliza una kiasi gani mfukoni. Mwanasiasa Gaius Gracchus alipopitisha sheria ya kwanza ya mgao mwaka 123 KK, mmoja wa wapinzani wake wakubwa alikuwa Calpurnius Piso, konsuli (mmoja wa wakuu wawili wa serikali) wa mwaka 133 KK. Siku ya ugawaji Piso huyohuyo akaonekana kwenye umati. Gracchus alipomuuliza, alijibu kwamba hapendi mali yake igawiwe watu, lakini ikigawiwa, atadai fungu lake. Kisheria alikuwa sawa kabisa.

Chini ya sheria hiyo ya kwanza ngano haikuwa bure: uliuziwa kwa bei ya ruzuku, as (sarafu ndogo) 6 na theluthi kwa kila modius, kipimo cha nafaka. Bure ilikuja na mwanasiasa Clodius mwaka 58 KK, na hapo ndipo daftari lilipofura. Julius Caesar alikuta wapokeaji 320,000. Mwaka 46 KK akaamuru wahesabiwe upya mtaa kwa mtaa, akiwatumia wenye nyumba za kupangisha, ambao ndio waliojua nani hasa analala wapi, na orodha ikashuka hadi 150,000. Ni mbinu nzuri ya uhakiki, kwa sababu mwenye nyumba hakosi hesabu ya wapangaji wake. Nafasi za waliofariki zilijazwa kila mwaka kwa kura, chini ya usimamizi wa pretori, afisa wa mahakama. Kufikia mwaka 2 KK Augustus alikuwa na wapokeaji zaidi kidogo ya 200,000, katika mji unaokadiriwa kuwa na watu karibu milioni moja. Trajan baadaye aliongeza watoto karibu 5,000.

Mianya ya udanganyifu ilikuwapo, na ule mkubwa ulipitia mlango wa sheria yenyewe. Mtumwa akiachwa huru kwa taratibu kamili anakuwa raia, na raia ana fungu. Basi mabwana wengine waliwaandikia watumwa wao uhuru, mgao ukawa unalipwa na hazina, na sehemu ya ngano ikarudi kwa bwana. Mzigo wa chakula umehamia serikalini, kazi ya mtu huyo imebaki palepale. Jenerali Pompey alipokabidhiwa usimamizi wa nafaka mwaka 57 KK ilibidi kwanza ashughulike na orodha ya hao walioachwa huru kwa haraka. Na si ajabu kwamba mwaka 2 KK ilipita pia sheria ya kupunguza idadi ya watumwa ambao mtu angeweza kuwaacha huru kwa wosia: wasizidi 100 hata uwe na maelfu.

Tuje kwenye fungu lenyewe. Kila mwezi ni modii 5. Modius ndiyo pishi ya Warumi, ila kubwa: takriban lita 8.7, sawa na kilo 6 na nusu hadi 7 za ngano kutegemea ukavu wake. Jumla ni kilo 33 hivi. Je, zinatosha? Cato Mzee, katika maelekezo yake ya shamba, anampa mtumwa wa kazi nzito modii 4 wakati wa baridi na 4 na nusu wakati wa joto. Kwa hiyo modii 5 zinamshibisha mtu mzima mmoja na kubakiza kidogo. Kwa mume, mke na watoto wawili ni nusu ya chakula, pengine pungufu. Nusu nyingine inatafutwa sokoni, pamoja na mafuta, mboga, kuni na kodi ya chumba.

Kwa fedha, baada ya moto mkubwa wa mwaka 64 BK mtawala Nero aliishusha bei ya ngano hadi sesterce 3 (sarafu ya Kirumi) kwa modius. Kwa bei hiyo ya chini, modii 60 za mwaka zina thamani ya sesterce 180. Askari wa lejioni wakati huo alilipwa sesterce 900 kwa mwaka. Fungu hilo basi ni sawa na moja ya tano ya mshahara wa askari. Si haba, lakini hakuna aliyeacha kazi kwa ajili yake.

Mlangoni ndipo huduma hii inapostahili sifa. Ugawaji uliwekwa Porticus Minucia, katika uwanja wa Campus Martius, na mpango wake ungeweza kuaibisha ofisi nyingi za siku hizi. Kila mpokeaji alikuwa na tessera, kipande cha kuthibitisha haki yake, na alipangiwa siku yake ya mwezi na mlango wake. Wengine walijivunia namba hizo mpaka kaburini: jiwe la Tiberius Claudius Ianuarius linataja Minucia, siku ya 14, mlango wa 42. Tupige hesabu ya haraka. Watu 200,000 wakigawanywa kwa milango 42 na siku 30, kila mlango unahudumia watu wasiofika 160 kwa siku. Kwa vipimo 5 kila mmoja, ni vipimo kama 800 kwa siku kwa mlango mmoja. Ni kazi ngumu lakini inawezekana bila fujo. Watu haohao wakija siku moja, ni vita.

Upimaji nao ulikuwa fani yenye chama chake. Kwenye sakafu ya mozaiki ya ukumbi wa wapimaji kule Ostia, mji wa bandari wa Roma, anaonekana mpimaji na fimbo yake ya kusawazishia, kuli na gunia, na kijana wa kuhesabu. Hiyo fimbo ndiyo haki yako. Kipimo kikipigwa msawazo, mdomo wa chombo na ngano vinakuwa sawa. Kikiachwa na kichuguu, mtu anapunjika, na inategemea ni nani anayetoa na nani anayepokea. Mpokeaji mwenye akili aliitazama fimbo, hakuutazama uso wa karani.

Baada ya mlango, serikali haikujui. Kilo 33 zinakwenda begani hadi kwenye jengo la wapangaji. Augustus alizuia majengo mapya ya barabarani yasipite futi 70 kwenda juu, na maskini ndio waliokaa juu kabisa, ambako kuwasha tanuri ni kuomba moto uteketeze mtaa. Kwa hiyo ngano inaishia kwa mwokaji mwenye kinu cha jiwe la volkano kinachozungushwa na punda. Huyo analipwa, kwa fedha au kwa kukatwa sehemu ya nafaka. Biashara hiyo iliwatajirisha wengine: kaburi la mwokaji Eurysaces, lililopambwa hatua zote za kazi kuanzia kusaga hadi kupima mikate, lipo mpaka leo pale Porta Maggiore. Kama kuna gharama iliyofichika katika neno bure, ni hii hapa.

Ubora wa nafaka haukuwa wa kutegemewa. Mshairi Persius anataja kwa dharau ngano yenye ukurutu anayoipata mtu kwa kitessera chake. Sababu inaeleweka: ngano imekaa wiki kadhaa ndani ya meli yenye unyevu, imehamishiwa mashuani, kisha ghalani. Ghala nzuri za Roma zilikuwa na sakafu iliyoinuliwa ili hewa ipite chini, kwa maana ngano ikipata unyevu hupata joto, huota ukungu na kuvuta fukusi. Mwaka 62 BK Nero aliitupa mtoni Tiber ngano ya wananchi iliyoharibika kwa kukaa mno. Alikusudia kuwaonyesha watu kwamba ghala zimejaa kiasi cha kutupa. Kabla ya hapo dhoruba ilikuwa imezamisha meli karibu 200 ndani ya bandari yenyewe, na moto ukateketeza nyingine 100 zilizokwisha kupanda mto. Hata hivyo bei haikupanda. Ujanja wa aina hiyo unafaa mara moja.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye udhaifu wa kweli. Mgao peke yake ulihitaji modii milioni 12 kwa mwaka, na mji mzima ulihitaji zaidi ya hapo. Kwa meli ya modii 10,000, mgao ni safari 1,200. Ngano ilitoka Afrika ya Kaskazini, Sicily, Sardinia na Misri. Ile ya Misri ilikuwa na shida ya upepo: majira ya joto pepo huvuma kutoka kaskazini-magharibi, hivyo meli inayotoka Alexandria na shehena inakwenda kinyume nazo, na safari hula mwezi hadi miwili. Kuanzia Novemba mpaka Machi bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Chochote kisichofika kabla ya hapo hakifiki.

Ndiyo maana mtawala Claudius anastahili alama nyingi kuliko anazopewa. Wakati mmoja ilibaki akiba ya siku 15 tu, na umati ukamzonga jukwaani wakimrushia vipande vya mkate hadi akaponea mlango wa nyuma wa ikulu. Hakukemea tu. Aliwahakikishia wafanyabiashara kulipwa hasara za dhoruba, akatoa motisha kwa atakayejenga meli ya modii 10,000 na kuleta nafaka Roma kwa miaka 6: mwenye hadhi ya Mlatini, yaani haki pungufu za uraia, alipata uraia kamili. Tayari mwaka 42 BK alikuwa ameanza kujenga bandari mpya kaskazini ya mdomo wa Tiber, kwa sababu meli kubwa zililazimika kushusha mzigo mbali, Puteoli. Ni bandari hiyohiyo iliyozamisha zile meli 200, ikionyesha kwamba bwawa lake lilikuwa pana mno na halikukinga vya kutosha. Trajan aliongeza bwawa la pembe sita ndani zaidi, lenye utulivu, na hapo tatizo likapungua.

Utawala uligawanywa kwa makusudi. Wa kuitafuta ngano alikuwa praefectus annonae, mtu wa tabaka la wapandafarasi, lililo chini ya maseneta. Wa kuigawa walikuwa maseneta waliowahi kuwa mapretori. Turranius alishika cheo hicho cha kwanza tayari mwaka 14 BK na mwaka 48 BK bado yumo. Miaka 34 ya ofisi moja, wakati makonsuli wanabadilishwa kila mwaka! Uzoefu wa aina hiyo ndio ulioshika huduma. Misri yenyewe haikukabidhiwa seneta, wala seneta hakuweza hata kuitembelea bila ruhusa, kwani mwenye kuishika angeweza kuiua Italia kwa njaa. Vespasian, aliyeishika Misri mwaka 69 BK akiwania utawala wa Roma, alithibitisha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure.

Jaribio moja la kurekebisha huduma lilishindwa kwa kupuuza watumiaji. Augustus aliona watu wanapoteza siku za kazi, akapanga tessera zitolewe mara tatu tu kwa mwaka, kila moja ya miezi minne. Kwenye karatasi ni nafuu. Lakini hiyo ni kilo 130 kwa mkupuo, ndani ya chumba kimoja chenye panya, kwa mtu asiye na ghala. Watu wakaomba utaratibu wa kila mwezi urudi, akaurudisha.

Marekebisho yaliyofaulu yalikuja karne ya 3. Septimius Severus aliongeza mafuta, na Aurelian akabadilisha nafaka kuwa mikate iliyokwisha okwa, akatia na nyama ya nguruwe. Gharama ya mwokaji na ngazi za ghorofa ikaondoka. Inasimuliwa kwamba Aurelian alitaka kugawa na divai bure, mkuu wa walinzi wake akamwambia ukiwapa divai kitakachobaki ni kuwapa kuku na mabata bukini. Divai ya serikali ikawekwa kwenye kumbi za nguzo za hekalu la Jua, kwa kuuzwa.