Kompyuta Inayochelewa Kuwaka: SSD au Kuongeza RAM?

Kwa mafundi wa Kampala swali hili haliishi. Diski ya zamani huzungusha sahani zake, nyingi mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa chake kikihangaika kukusanya mafaili ya kuwashia, ilhali SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka. Kwa hiyo katika kasi ya kuwaka, na hata katika kustahimili mitikisiko ya bodaboda, SSD inashinda waziwazi. Hata hivyo, huleta kazi ya kuhamisha data. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea, huchomekwa kwa dakika chache na haidai matunzo, ingawa katika baadhi ya laptopu imelehemiwa kwenye ubao. Mwenye RAM ya GB 2, ambaye mashine humgandia kila afunguapo kivinjari, aanzie kwenye RAM. Mwenye RAM ya GB 8 anayechemsha chai akisubiri iwake, anunue SSD.