WhatsApp Business kwa muuza dagaa wa Mwaloni: inafaa, ila ina masharti yake

Programu hii ya bure, iliyotoka mwaka 2018, inamfaa mwenye kibanda Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, kuliko bango la barabarani. Katalogi yake hubeba hadi bidhaa 500, ingawa kwa dagaa na sato picha 6 zinatosha. Piga asubuhi, nje, dagaa wakiwa juu ya turubai safi. Chini ya taa ya duka huonekana wa manjano na mteja wa Dodoma atadhani wameoza. Andika kipimo (sado, debe, gunia) pamoja na bei. "Bei njoo inbox" hufukuza watu.

Kazi hasa iko kwenye orodha ya matangazo (broadcast), yaani ujumbe mmoja kwenda kwa watu wengi, kila mmoja kwake. Orodha moja huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Hapo wengi hukwama: wanatuma kwa 200, wanajibiwa na wachache, wanalaumu mtandao. Mwombe mteja aihifadhi palepale anapolipa, kabla hujafunga mfuko. Na usitume kila siku, utazuiwa. Tuma siku mbili tatu kabla ya mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa na bei hupanda. Tangazo la namna hiyo husomwa.

Lebo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo na mteja, nazo ni nzuri: "amelipa", "anadaiwa", "mzigo uko Nyegezi stendi".

Kasoro? Haijui stoo yako. Dagaa wakiisha, ficha bidhaa hiyo kwenye katalogi mwenyewe, la sivyo utapokea oda usizoweza kutimiza.